Karai, Birika na Bata wa Mpira

Saa kumi na mbili jioni, ingia ploti yoyote ya Pipeline, Kayole au Githurai na usimame tu kwenye korido. Utasikia. Mtoto wa miaka mitatu analia kama anayechinjwa. Mathe anasema, "Simama vizuri, funga macho!" Kimya kidogo, halafu kilio kipya maji ya pili yakimwagwa kichwani. Mlango wa tatu, stori ni ile ile. Majirani hata hawageuki, kwa sababu wanajua ni watoto wanaogeshwa.

Sasa, mtoto huyo huyo mvua ikinyesha utamtoa kwenye dimbwi kwa fimbo. Kwa hivyo hana ugomvi na maji. Ugomvi wake ni na kitu kingine tulichokifunga pamoja na maji, na kitu hicho kina historia.

Uliza mzee yeyote aliyekulia Murang'a, Siaya au Kitui alikuwa anaoga wapi. Mtoni. Ulitumwa kuteka maji au kunywesha ng'ombe, na kuoga kukatokea katikati ya mchezo, kati ya kuruka kutoka kwenye jiwe na kurushiana matope. Hakuna aliyekubembeleza uingie. Kazi ilikuwa kukutoa. Sisemi mto ulikuwa paradiso. Kulikuwa na kichocho, na kuna familia zilizopoteza watoto humo. Nasema tu kwamba kuoga na kucheza vilikuwa tendo moja, na mtoto ndiye aliyeamua maji yamguse wapi kwanza.

Pwani walikuwa na kitu kizuri zaidi, na nashangaa hakisimuliwi sana. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, chumba cha kuogea kilikuwa na birika la kuhifadhi maji. Ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Kwenye sakafu ya birika mafundi walipachika bakuli za kaure kutoka Uchina, ili maji yakipungua samaki wabaki na kidimbwi chao mpaka birika lijazwe tena. Ulichota maji kwa kata, ile ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, ukajimwagia pembeni. Samaki wale waliwekwa kwa sababu ya mbu, sio kwa sababu ya watoto. Lakini hebu jaribu kumkataza mtoto wa miaka minne asichungulie birika lenye samaki. Akishachungulia, tayari yuko bafuni.

Ukipanda treni kuja Nairobi, hadithi inageuka. Jina lenyewe la mji linatokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi, na watoto wa korido wanaweza kuthibitisha. Reli ilifika mwaka 1899. Mwaka 1902 tauni ikazuka, na wakubwa wakaamua kuchoma soko la Wahindi. Mwaka 1913 daktari mmoja Mwingereza, William Simpson, alitumwa kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, akapendekeza watu watengwe kwa rangi, sababu ikiwa ni usafi. Hapo usafi ukaacha kuwa mambo ya ngozi na sabuni. Ukawa cheti cha nani aishi wapi.

Nyumba za Waafrika zilipojengwa upande wa mashariki ya mji, nyingi zilikusudiwa mwanaume mfanyakazi aliye peke yake, ambaye mke na watoto walitarajiwa kubaki mashambani. Kitanda, paa, mfereji wa nje wa watu wengi, bafu la pamoja. Mtoto hakuwa kwenye ramani. Alipofika na mamake, kama ilivyokuwa lazima afike, hakukuwa na mahali pa kumwogesha isipokuwa karai mlangoni, mbele ya kila anayepita. Karai unalolijua wewe lilizaliwa hapo. Lilikuwa jibu la mama kwa mji uliojengwa kana kwamba mwanawe hayuko.

Ongeza sabuni. Huko Uingereza miaka ya 1880, Pears walichapisha tangazo la mtoto mweusi anayeogeshwa na kutoka mweupe mwili mzima isipokuwa uso. Tangazo ni katuni tu, utasema, lakini wazo lake lilisafiri. Shuleni kuoga kukawa kitu cha kukaguliwa: kucha, shingo, nyuma ya masikio, magoti. Sisi tuliosoma juzi tu bado tulipanga mstari Jumatatu asubuhi, mikono mbele, mwalimu na rula yake. Mama anayemsugua mtoto mpaka ngozi iwake hana roho mbaya. Anajua kuna mtu atamsoma yeye kupitia shingo ya mwanawe.

Na wazungu wenyewe, je? Ukiangalia sinema utadhani watoto wao wamekuwa wakielea kwenye povu tangu enzi za Yesu. Wapi! Familia nyingi za wafanyakazi Uingereza zilioga mara moja kwa wiki kwenye karai kubwa la bati mbele ya moto, maji yale yale wakipokezana, na wa mwisho akirithi supu. Miaka ya 1950 bado nyumba nyingi huko hazikuwa na bafu. Raha ilikuja ikifuata mabomba. Marekani, sabuni ya Ivory ilitoka mwaka 1879 na ikapata umaarufu kwa sababu inaelea, kwa hivyo huipapasi chini ya maji. Mwaka 1949 mchongaji wa sanamu Peter Ganine alipata hataza ya bata wa kuchezea anayeelea. Miaka hiyo ya 1950 ikaja shampuu ya watoto isiyowasha macho, na mwaka 1961 povu la kuogea la Mr. Bubble. Mwaka 1970 Ernie wa Sesame Street akamwimbia bata wake, na bata akawa mfalme wa bafu. Januari 1992 meli iliyotoka Hong Kong ilipoteza kontena baharini, na vichezeo 28,800 vya kuogea, bata wa manjano wakiwemo, vikatawanyika Pasifiki mpaka wanasayansi wakavitumia kufuatilia mikondo ya bahari.

Lakini piga hesabu, buda. Bata anahitaji mahali pa kuelea. Bafu la kulala likijazwa linameza takriban lita 150, yaani mitungi saba na nusu ya lita 20. Nairobi ilijengewa bwawa la Ndakaini, likamalizika mwaka 1994, na mwaka 2017 ukame ulituingiza kwenye mgao wa maji hata hivyo. Mama aliyenunua mitungi miwili kwa mkokoteni hawezi kumruhusu mtoto arushe maji ukutani. Ile hasira yake mtoto akipiga teke karai ni hasira ya bei.

Ndiyo maana naheshimu sana ujanja wa koridoni, na ningependa uandikwe pamoja na akina Ganine. Karai lililoanikwa juani tangu saa nane, ili maji yasiume. Kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa chini kwa msumari, likawa mvua ambayo mtoto anajinyeshea mwenyewe. Watoto wawili karai moja, kila mmoja akimsugua mwenzake mgongo na kudai malipo. Mdoli anayeogeshwa kwanza ili mtoto awe ndiye mathe. Ngumi yenye sabuni inayopulizwa povu. Na siri iliyotajirisha watu wa shampuu, kwamba kinacholiza ni macho, shosho aliijua bila maabara: kitambaa kikavu usoni, kichwa kiangalie juu, "hesabu mabati," maji yakipita nyuma. Kila kimoja kinamrudishia mtoto kile alichokuwa nacho mtoni, nafasi ya kuamua kidogo. (Ila usimwache peke yake ukafuate simu. Maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, na huwa hapigi kelele.)

Mchezo wenyewe haugharimu tone la ziada, maana maji ya karai hayamwagwi bado. Mtoto akishapakwa mafuta akang'aa, maji yale yanaosha slipa za nyumba nzima. Baadaye yanapiga deki korido. Yanayobaki, meusi sasa, yanangoja kwenye ndoo mlangoni pa choo, zamu ya mwisho ya usiku.