Stahili na Mnada: Dhidi ya "Utafutaji wa Kikaboni"

Kijitabu cha mafunzo kwa wenye nyumba za kupangisha kimefika hadi Ngaremara, na ukurasa wake wa kwanza unawahimiza "kujenga jamii za ghorofa zinazoonekana katika utafutaji wa kikaboni." Sitasema kimetoka wapi. Waliokitunga wanajijua, na jopo la istilahi lililokibariki linajijua zaidi.

Tuanze na lililo dogo. Katika Kenya, jamii ni neno la adabu la kutaja kabila. Ngaremara tuna jamii ya Waturkana, ya Waborana, ya Wasamburu. Jamii ya ghorofa ikitajwa barazani, chifu atauliza imehamia lini na inalisha wapi. Kitu kilichokusudiwa, "apartment community" ya Kiingereza, kina jina ambalo kila mpangaji wa Isiolo analijua: ploti. Ua mmoja, geti moja, keateka mmoja, wapangaji wengi.

Lililo kubwa ni hicho kikaboni. Mtunzi alidhani analeta neno la kitaalamu mahali ambapo halijawahi kusikika. Laiti angeuliza! Kaboni huku ni neno la kila siku. Nyanda za malisho za kaskazini, sehemu za Isiolo zikiwemo, zimo katika mradi wa kuuza kaboni unaosimamiwa na Northern Rangelands Trust: mifugo ilishwe kwa mpango, nyasi zirudi, udongo ushike kaboni zaidi, na kampuni za ng'ambo zilipe. Mwaka 2023 Verra, shirika la Marekani linaloidhinisha hati za kaboni, liliuweka mradi huo chini ya uchunguzi, na mabishano ya nani mwenye ardhi na nani mwenye malipo yamesikika kuanzia vijijini hadi mahakamani. Sasa chukua na utafutaji, neno lile lile tulisikialo redioni kila yanapotajwa mafuta ya Turkana. Mzee wa Ngaremara akisoma "utafutaji wa kikaboni" ataelewa vizuri sana: wageni wanarudi kusaka kaboni kwenye ardhi yake. Atatafuta wakili, si mpangaji.

Na neno la asili, organic la Kiingereza, halina hata chembe ya kaboni. Wagiriki walikuwa na organon, maana yake chombo cha kazi. Wafuasi wa Aristotle waliviita hivyo vitabu vyake vya mantiki, kwa kuwa mantiki ni chombo cha kufikiria. Chombo kikawa kiungo cha mwili, maana jicho nalo ni chombo cha kuonea. Kiungo kikazaa sifa: chenye uhai. Wanakemia wakaichukua sifa hiyo kwa vitu vitokavyo kwa viumbe hai, na hata Friedrich Wöhler alipotengeneza urea maabarani mwaka 1828 pasipo figo ya mnyama yeyote, jina halikubadilika. Kwa kuwa vitu hivyo vimejengwa kwa kaboni, mfasiri wa vitabu vya kemia akaandika kikaboni, na pale alikuwa sahihi. Mwaka 1940 Lord Northbourne wa Uingereza akalipeleka neno shambani. Nasi tukajibu kwa ufasaha ambao sijauona tena tangu hapo: kilimo hai, ambacho kuanzia 2007 kina kiwango cha Afrika Mashariki na nembo yake, Kilimohai. Watu wa mitambo ya kutafuta walikuja mwisho kabisa kuliazima, na wao hawakutaka chombo, wala kiungo, wala kemia, wala mbolea ya samadi. Walitaka kusema: tokeo ambalo nafasi yake haikununuliwa. Basi. Jopo letu likashika maana ya kemia, likaibandika hapo, likaenda kunywa chai.

Wapo waliojaribu kurekebisha. Mmoja anapendekeza "matokeo hai", na kijana yeyote wa Isiolo akiyaona maneno hayo atatarajia mabao ya Arsenal dakika kwa dakika. Mwingine, ambaye huandika kwa kujiamini kupita kiasi, anashikilia "matokeo asilia". Asilia ya wapi? Ukurasa uliopangwa vichwa, ukapigiwa picha na kuhaririwa mpaka upande hauna uasilia wowote. Wa tatu anasema "matokeo ya bure", na huyo walau amekaribia, ila mwenye ploti aliyekesha akiandika maelezo ya vyumba vyake hatakubali kuambiwa kazi yake ni bure.

Mimi nilipendekeza jozi: matokeo ya stahili na matokeo ya mnada. Nilijibiwa kwa sentensi moja kwamba jozi hiyo "haina sura ya kisayansi". Basi tuitazame sayansi yenyewe. Mwaka 1998 Bill Gross alianzisha GoTo, mtambo uliouza nafasi kwa kila neno linalotafutwa: atakayetaja bei kubwa zaidi kwa kila mbofyo anakaa juu. Google ikaanza kuuza matangazo ya utafutaji mwaka 2000, na mwaka 2002 ikaingia nayo katika mnada wa mibofyo, ikiongeza kipimo cha jinsi tangazo linavyobofywa, ili fedha peke yake isitoshe. Hiyo si tamathali niliyobuni. Kila unapotafuta "bedsita Isiolo", ikiwa kuna wanaoligombea neno hilo, mnada unaendeshwa kabla ukurasa haujafunguka. Kunadi kumetoka kwenye nādā ya Kiarabu, kuita kwa sauti. Mnadi ni yule anayepaza sauti sokoni. Je, kuna neno linalolifaa zaidi tangazo linalolipiwa ili liite kabla ya mengine?

Stahili nayo imetoka kwenye ista'hala, kuwa mwenye kufaa, na ndani yake mna ahl, watu wa nyumbani, wale wale tuliowapa jina la ahali. Kustahili, kwa mzizi, ni kuhesabiwa miongoni mwa wenye mahali pao. Nionyesheni tafsiri inayofaa zaidi kwa biashara ya kutafutia watu makazi! Kazi ya mtambo ni hiyo hiyo: unapima kurasa gani zimeelekezewa viungo na nyingine, zipi zinajibu swali, ipi iko karibu na anayeuliza, kisha unaipa kila moja nafasi inayoistahili. Larry Page na Sergey Brin, katika makala yao ya 1998, walionya kwamba mtambo unaoishi kwa matangazo utaelemea upande wa watangazaji kuliko wa watafutaji. Mwaka 2002 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaziandikia kampuni za utafutaji kwamba kilicholipiwa kitofautishwe wazi na kisicholipiwa. Mpaka uliokuwa ukilindwa ni kati ya stahili na mnada. Kaboni haikuitwa shahidi.

Pingamizi moja nalikubali kuwa lina uzito, ingawa aliyelitoa alilitoa kwa kejeli: mwenye nyumba wa Kenya akisikia mnada hufikiria benki imekuja na dalali kuuza ploti yake. Kweli, neno linatisha. Lakini bajeti ya mibofyo isiyosimamiwa nayo inatisha, na hofu kidogo itamfaa kuliko "utafutaji wa kulipiwa", maneno yanayosikika kana kwamba yeye ndiye atakayelipwa.

Kuhusu matumizi, mambo ni mepesi. Ploti isajiliwe kwenye ramani ya Google, ambako hakuna ada, ikiwa na picha za kweli, kodi, depoziti, na habari za maji. Mnada uachiwe vyumba vipya vilivyo vitupu, na usimamishwe vikijaa. Katika sarufi: ploti imestahili ukurasa wa kwanza, imenadiwa kwa neno fulani, mbofyo wa mnada, mbofyo wa stahili, gharama ya kunadi. Vitenzi vinanyambulika bila kulazimishwa. Anayetetea kikaboni na atunyambulie chake.