Kobe wa Bristol

Neno roboti si la kale. Liliingia duniani mwaka 1920 katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, ambaye alipewa neno hilo na ndugu yake Josef. Asili yake ni neno la kwao lenye maana ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Viumbe wa mchezo ule walikuwa na sura za binadamu, na kwa muda mrefu watu waliotaka kuunda roboti walianza na sura hiyo hiyo. Mwaka 1928 alionyeshwa mjini London mtu wa chuma aliyeitwa Eric, aliyeweza kuinuka, kuinama na kuonekana kama anahutubia. Mwaka 1939 kampuni ya Westinghouse ilipeleka katika Maonyesho ya Dunia mjini New York jitu lililoitwa Elektro, lenye kimo cha futi 7, ambalo lilivuta sigara na kunena maneno yaliyotiwa katika sahani za santuri. Watazamaji walistaajabu. Lakini majitu hayo yalingoja amri ya mtu. Yakiachwa peke yao yalisimama kama magogo.

Njia nyingine ilifunguliwa na mtu ambaye kazi yake haikuwa kuunda mitambo. William Grey Walter, aliyezaliwa Marekani mwaka 1910 na kulelewa Uingereza, alikuwa mtaalamu wa ubongo katika Taasisi ya Burden mjini Bristol. Kazini alipima mikondo hafifu ya umeme itokayo katika vichwa vya watu. Katika saa zake za faragha, mwaka 1948 na 1949, aliunda nyumbani kwake vyombo viwili vidogo vilivyotambaa sakafuni chini ya gamba. Aliviita kobe, akavipa majina ya Elmer na Elsie. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka 1945, lakini Uingereza ilikuwa bado katika dhiki, hata chakula kiligawiwa kwa kipimo. Walter hakungoja vifaa vya fahari. Magurudumu ya meno aliyatoa katika saa kuukuu na mita za gesi.

Na tumtazame kobe huyo kwa makini, maana uzuri wake umo katika uchache wa viungo vyake. Alikwenda kwa magurudumu matatu. Gurudumu la mbele lilisukumwa na mota moja, na mota ya pili ililigeuza huku na huku. Jicho la umeme lilifungwa pamoja na gurudumu hilo, hivyo kobe alitazama daima kule gurudumu lilikoelekea. Gamba lilining'inia, na likigusa kitu lilifunga swichi. Badala ya ubongo palikuwa na vali mbili tu, zile chupa ndogo za kioo zilizotumika katika redio za zamani.

Gizani, gurudumu liligeuka bila kukoma na kobe akarandaranda kama mtu anayetafuta. Alipouona mwanga wa kadiri, mota ya kugeuza ilisimama, naye akauendea. Mwanga ulipozidi ukali, akageuka kando. Alipogonga kiti aliusahau mwanga kabisa, akawa anasukuma na kugeuka, anasukuma na kugeuka, mpaka apenye. Kubwa zaidi ni kwamba betri ilipofifia, taa kali ya kibandani mwake haikumfukuza tena, basi akaingia na kujazwa umeme. Hakuna aliyemwamuru kurudi.

Mbele yake palikuwa na taa ndogo iliyowaka wakati wa kugeuza na kuzimika akiulenga mwanga. Alipofika mbele ya kioo aliiona taa yake mwenyewe, akaifuata, ikazimika, akageuka, ikawaka tena, akaifuata tena, kana kwamba anacheza ngoma. Walter alisema kwamba mnyama akionekana akifanya hivyo, watu wangeweza kudhani kuwa anajitambua. Mimi nasita kwenda umbali huo, ila nakubaliana naye katika jambo lililomfanya aunde kobe: tabia nyingi hutoka katika namna viungo vinavyounganishwa, wala si katika wingi wa viungo.

Wanafunzi wengi wanaojaribu kuunda roboti huanza na kichwa cha kadibodi chenye macho mawili, na kazi huishia hapo. Afadhali waanze na kobe. Siku hizi transista zimeshika nafasi ya vali, kihisi cha mwanga ni kitu cha bei ndogo, na mota mbili hupatikana katika vitu vya kuchezea vilivyovunjika.

Mwaka 1951 kobe wa Walter walionyeshwa mbele ya umma katika Tamasha la Uingereza, na mwaka 1953 alieleza ujenzi wao katika kitabu chake kuhusu ubongo. Nakala moja ilimfikia kijana wa Adelaide, Australia, jina lake Rodney Brooks, naye akaunda kobe wake kwa transista, akamwita Norman. Baadaye Brooks alikuwa profesa Marekani, na mwaka 1990 akaanzisha pamoja na wenzake kampuni ya iRobot. Mwaka 2002 kampuni hiyo ilitoa chombo cha mviringo cha kusafisha sakafu, Roomba, ambacho hugeuka kikigonga mguu wa meza. Vile vilivyofuata hurudi vyenyewe penye umeme betri ikipungua.