Kilimo hai Mbinga: Daftari lina thamani sawa na jembe

KILIMO hai ni uzalishaji wa mazao bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali. Kwa mkulima mdogo, kuacha kemikali ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuthibitisha kuwa ameziacha, kisha kupata bei inayolingana na jasho lake.

Wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, ambako iko kata ya Namswea, zao kuu la biashara ni kahawa ya arabika. Wamatengo wa milima hiyo wanasifika pia kwa ngoro, mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko kwa kufukia majani ili kuzuia mmomonyoko na kurutubisha udongo. Ujuzi huo ni hazina, lakini mnunuzi wa nje hulipia ushahidi wa maandishi.

Ushahidi huanzia kwenye daftari: ukubwa wa shamba, pembejeo zilizotumika, tarehe za mavuno na kilo zilizouzwa. Kwa kuwa gharama za ukaguzi ni kubwa kwa mtu mmoja, wakulima huungana, hukaguana wenyewe, kisha wakala wa uthibitishaji huhakiki baadhi ya mashamba. Umoja wa Ulaya hutaka shamba la zao la kudumu kama kahawa lipitie miaka 3 ya mpito, na kundi moja lisizidi wanachama 2,000.

Katika miaka hiyo ya kusubiri, hatari kubwa ni magoma, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, ili kupata fedha za ada au matibabu. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo, lakini dawa yake ya kudumu ni akiba na mikopo nafuu ya vikundi. Kahawa ya magoma haipiti kwenye ghala la kikundi, hivyo huvuruga kumbukumbu zote.

Soko la ndani nalo lipo. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha viwango vya pamoja na nembo ya Kilimohai, inayosimamiwa nchini na Shirika la Kilimo Hai Tanzania (TOAM).

Mkulima anayejua gharama ya kila kilo ndiye anayeweza kukataa bei mbaya.