Mti Uliokuwa Kiti: Mashetani wa Wamakonde, kutoka Mpingo hadi Rangi

Simulizi inayorudiwa zaidi kuhusu mwanzo wa vinyago vya mashetani huanza na ajali. Katika miaka ya 1950, mchongaji Samaki Likankoa, Mmakonde mwenye asili ya Msumbiji, alikuwa akichonga umbo la binadamu la kumuuzia Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam. Mkono wa sanamu ukavunjika. Kwa soko la wakati ule, kinyago kilichokatika kiungo kilikuwa hasara tupu, lakini Samaki hakukitupa. Aliyageuza macho, masikio na mdomo mpaka upungufu ukawa ndiyo sifa: aliyesimama mbele yake hakuwa tena mtu aliyepoteza mkono, alikuwa shetani aliyekamilika kwa jinsi yake. Hata anayeichukua habari hii kama ngano ya karakana atakubali kwamba wachongaji wameihifadhi kwa sababu inaeleza kazi yao jinsi wanavyoijua. Hoja yangu inatoka hapo hapo. Kile kinachoitwa msukumo wa roho katika sanaa hii kilikuwa utaratibu wa kazi, namna iliyofunzwa ya kuusikiliza mti, kuipokea ajali na kuipa jina. Soko liliupa utaratibu huo nafasi na riziki. Kuuzaa, halikuuzaa.

Wachongaji hao hawakutua Dar es Salaam mikono mitupu. Wengi walitoka uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, wakavuka mto Ruvuma kuukimbia utawala wa Wareno na kazi zake za shuruti, wakawa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Walikuja na mapiko, barakoa za mti mwepesi ambazo mchezaji huzivaa kichwani baada ya vijana kutoka jandoni na unyagoni, mwili wake ukiwa umefunikwa asitambulike. Kinyago na unyago ni maneno ya ukoo mmoja: kitu kilichochongwa kilikuwa sehemu ya mafunzo ya kuwa mtu. Walikuja pia na hadithi ya asili yao, ambayo Karl Weule, Mjerumani aliyetembelea nchi ya Wamakonde mwaka 1906, aliiandika. Hapo mwanzo palikuwa na kiumbe mmoja asiye na mwenzake, akachonga umbo la mwanamke kwa mti, na umbo hilo likapata uhai likawa mke wake. Watoto wao waliozaliwa mabondeni hawakuishi, na aliyezaliwa uwanda wa juu ndiye aliyeishi. Watu wanaohesabu ukoo wao kuanzia sanamu iliyoamka hawahitaji kufundishwa na mnunuzi kwamba ndani ya mti mna zaidi ya ubao.

Mjini, urithi huo ulikutana na elimu nyingine, ile ya pwani kuhusu pepo. Katika ngoma za kupunga, aliyepandwa na pepo huitwa kiti, kwa kuwa pepo amekalia kwake. Anayeiongoza ngoma hamfukuzi mgeni huyo kwa pupa. Humpigia ngoma, humtaka ataje jina lake, humuuliza anataka nini, kisha hupatana naye. Neno shetani lenyewe ni la pwani, lililotoka Kiarabu, na katika matumizi ya watu lilikuwa pana kuliko Ibilisi wa mahubiri: liliwachukua majini, pepo na viumbe wa porini, wakiwemo wale ambao Wamakonde waliwajua kwa majina ya kwao, kama nnandenga. Sidai kwamba wachongaji walikuwa waganga, wala kwamba karakana zao zilikuwa vilinge. Ninachodai ni kwamba jiji liliwapa msamiati wa kuielezea kazi waliyokuwa tayari wanaifanya. Gogo ni kiti. Kuna aliyekalia humo, na kazi ya fundi ni kumuuliza jina kabla ya kumlazimisha awe kile ambacho fundi alikikusudia.

Msamiati huo ulishika kwa sababu uliafikiana na mti. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Hukua polepole, mara nyingi kwa kujipinda, na gogo lake huweza kuficha nyufa, mafundo na matobo. Kiini chake ni cheusi, na kimezungukwa na tabaka la rangi ya maziwa ya mgando. Mtengeneza klarineti hutafuta kipande kilichonyooka kisicho na dosari, na kilichobaki kwake ni takataka. Mchongaji wa mashetani huanzia kwenye masalio hayo. Akishika tezo na kuondoa magamba ya nje, kila pigo ni la mwisho, maana kibanzi kilichotoka hakirudi. Tobo likijitokeza pale palipokusudiwa kuwa kifua, ana njia mbili: kulitupa gogo au kumtafuta kiumbe ambaye kifua chake ni tobo. Shetani, ambaye kwa simulizi aweza kuwa na jicho moja, mguu mmoja au mdomo uliopinda, ndiye kiumbe huyo. Imani iliyokubali maumbo yasiyotimia ilimpa fundi uhuru ambao umbo la binadamu lilimnyima, na mti ulimpa sababu ya kuutumia uhuru huo kila siku. Patasi, tupa na msasa vilikuja baadaye kulisafisha jibu. Swali lilikuwa limeshaulizwa na tezo.

Lipo pingamizi zito hapa. Wako wanaosema kwamba mashetani ni bidhaa ya watalii: Peera alinunua, wageni wakapenda cha ajabu, wachongaji wakaongeza cha ajabu, na habari za ndoto na roho zikaongezwa ili kupandisha bei. Sehemu ya maneno hayo ni kweli, na haifai kufichwa. Bila wanunuzi wasingekuwepo mamia ya watu walioishi kwa kuchonga mpingo, na kazi ya mpingo kwa ajili ya mauzo haikuwa na nafasi ile ambayo barakoa ilikuwa nayo katika jando. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini vinyago vilikuwa vingi, haielezi kwa nini vilikuwa hivyo vilivyo. Soko hilo hilo, miaka hiyo hiyo, lilinunua pia vichwa vya wazee, akina mama wenye mitungi na wanyama wa mbugani, tena kwa urahisi. Wageni walilipa, na wenyeji ndio waliojua shetani anafananaje. Ngoma huchezwa kwa malipo tangu zamani, na hakuna anayesema kwamba malipo ndiyo yaliyotunga mapigo yake.

Ushahidi mwingine tunaupata pale sanaa hii ilipouacha mti. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, alijifunza kuchonga kama Wamakonde wenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 kwa juhudi za mtawa wa shirika la Maryknoll, Jean Pruitt, na aliingia humo kama mlinzi. Mlinzi huyo akawa msanii aliyejulikana duniani. Alichora kwenye ngozi za mbuzi, akachora kwenye mabati na vitambaa, akachapa picha kwa wino, akachonga mti mwepesi na kuupaka rangi kali. Baadaye alipaka ubao kwa rangi za mafuta zinazong'aa, vifaa ambavyo Edward Saidi Tingatinga alikuwa ameshavizoesha jijini tangu mwaka 1968. Kama ushetani ungekuwa hila ya kufunika kasoro za mpingo, ungekufa hapo. Ubao laini hauna fundo wala tobo la kumwelekeza mtu. Lakini viumbe walihama naye, wakiwa na masikio makubwa, matumbo yaliyojaa, midomo wazi na vidole vichache vya miguu. Walipika, walicheza, waligombana, walibebana, huku wamesongamana mpaka nafasi tupu ikatoweka, kama watu waliobebana katika vinyago vya nguzo viitwavyo ujamaa. Mwili wa kiumbe mmoja ulipoishia, ukingo wake ulianzisha mwili wa jirani. Kilichohama, basi, ni ile tabia ya kuliacha umbo moja liite jingine.

Pingamizi la pili ni la marudio. Katika vibanda vya vinyago vya Mwenge, Dar es Salaam, na maduka ya viwanja vya ndege, mashetani wamepangwa kwa saizi kama sabuni, na hata picha za Lilanga katika miaka yake ya mwisho zilitoka katika karakana yenye mikono mingi. Roho gani, watu huuliza, huja mara arobaini kwa sura ile ile? Nami nakubali kwamba aliyechonga kwa kunakili hakuuliza mti chochote. Ila kasoro ya nakala inathibitisha kuwepo kwa kitu kinachokosekana ndani yake. Mtu mwenye jicho zoefu hukitambua kinyago ambamo umbo limefuata mpindo wa gogo, na kile ambamo gogo limelazimishwa kufuata sampuli. Na mikono mingi si dosari kwa yenyewe. Mapiko hayakuwa kazi ya mtu aliyejitenga, na ufundi wa aina hii umeenea kwa vijana kukaa karibu na mkubwa wao wakitazama.

Jambo linalodhuru zaidi kuliko nakala ni sifa za kupotosha. Mwaka 1989 maonyesho makubwa yalifanyika Paris chini ya usimamizi wa Jean-Hubert Martin, na miongoni mwa walioalikwa alikuwa John Fundi, mchongaji wa Kimakonde kutoka Msumbiji. Maonyesho hayo yaliwaita washiriki wake wachawi wa dunia. Heshima ilikusudiwa, na milango ilifunguka kwelikweli. Lakini mchawi hutenda bila kueleza, na anayetenda bila kueleza huonekana kama hakujifunza. Kiswahili kina neno bora, na lilikuwa limeandikwa tayari katika jina la mgeni huyo. Fundi ni ndugu wa kufunda na mafunzo. Aliyefundwa ndiye awezaye kungoja mti useme, kwa sababu anajua mti huu husema vipi, wapi utapasuka na wapi utakubali. Lilanga alifariki mwaka 2005. Anayetaka kuirithi kazi ya mafundi kama yeye na Samaki hatahitaji kudai kwamba anaota ndoto walizoota. Atahitaji gogo lililopinda, tezo lenye makali, na adabu ya kuuliza jina kabla ya kukata.