Muhuri wa Vita: Mafia na Fedha za Karatasi, 1915–1917

Msomaji wa historia ya pwani yetu hawezi kuivuka Vita Kuu ya Kwanza bila kukutana na karatasi zilizogongwa mihuri. Mwezi wa Januari 1915 majeshi ya Uingereza yalitua Mafia, wakitaka kuishambulia manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Stempu za Kijerumani zilizokutwa kisiwani ziligongwa muhuri wa "G.R. Mafia", yaani herufi za Mfalme George. Merikebu ya Kaisari ilibaki kwenye picha, bali mwenye amri alikuwa mwingine.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Wajerumani waliendelea kutawala. Kwa kuwa Waingereza walizuia bandari, fedha kutoka Ulaya hazikufika. Benki ya Deutsch-Ostafrikanische ikaanza kutoa noti za muda zilizopigwa chapa humu humu nchini. Za kwanza ziliandikwa Dar es Salaam, 15 Machi 1915. Wakati huo Mafia ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa serikali hiyo kwa miezi miwili.

Noti hizo zinasimulia vita kwa alama zake. Kila moja ilipewa namba na saini, na nyuma yake lilikuwako onyo la kifungo kwa mwenye kughushi. Mwaka 1916 jina la Tabora likatokea mahali pa Dar es Salaam, kwa kuwa serikali ilihamia bara. Zile za 1917, ziitwazo noti za porini, ziligongwa kwa herufi za mpira.

Noti ni ahadi tu. Mwenye rupia ya fedha alishika madini yenye thamani. Mwenye noti alishika neno la serikali. Wajerumani waliposalimisha silaha huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, hapakuwa tena na dirisha la benki hiyo nchini ambako mpagazi au mkulima angedai haki yake. Saini zilibaki, mlipaji hakuwapo.

Kwa hiyo tunawasihi washarika: anayekuta karatasi kama hizo katika sanduku la wazee wake asizioshe wala kufuta mihuri na maandishi ya mkono. Alama hizo ndizo ushahidi wa jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.