Spika Zinaondoka na Dereva

Ukisoma habari za Bagamoyo vitabuni utapewa pembe za ndovu, watumwa, Wamisionari waliofika 1868, na Wajerumani. Halafu mwaka 1891 makao makuu ya Wajerumani yanahamia Dar es Salaam na kitabu kinafungwa, kana kwamba toka siku ile hakuna mtu aliyepita tena barabarani. Mimi nataka kuandika juu ya kitu kidogo mno ambacho bwana mkubwa wa chuo kikuu pengine atakicheka. Nataka kuandika juu ya spika za magari, na hasa jambo hili la kung'oa spika zilizokuja na gari toka kiwandani na kupachika nyingine. Ndugu msomaji, usifungue ukurasa mwingine kwanza.

Safari ya kutoka Bagamoyo haijawahi kuwa ya kimya. Misafara ya kwenda bara ilitanguliwa na kirangozi, ngoma ikilia, na wapagazi wakiimba, maana mzigo wa kilo 30 begani hauendi kwa kununa. Gari ndilo lililokuja likiwa bubu. Redio ya gari iliyoanza kuuzika vizuri ilitoka Chicago, Marekani, mwaka 1930, kazi ya ndugu wawili wa ukoo wa Galvin, wakaipa jina Motorola. Miaka miwili baadaye Blaupunkt ya Ujerumani nayo ikatoa yake. Huku kwetu hata ukiwa na redio ungesikiliza nini? Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo 1951 tu.

Kwa hiyo gari la miaka ya 1960, tuseme Peugeot 404 ya mwalimu mkuu au ya mganga wa wilaya, lilikuwa na spika moja tu katikati ya dashibodi. Land Rover nyingi za serikali hazikuwa na redio kabisa. Spika moja ilitosha, kwa sababu Redio Tanzania ilisikika kwa masafa ya kati na masafa mafupi, na sauti ya masafa hayo ni nyembamba hata uweke spika ya ukumbi wa dansi. Nani angehangaika kubadili? Kilichobadili mambo ni kaseti. Philips waliitoa 1963, na ilipoanza kuingia kwenye magari, kwa mara ya kwanza dereva akawa na uwezo wa kuchagua nini kipigwe. Hapo ndipo masikio yakaanza kulalamika.

Lakini yalilalamika kwa muda mrefu bila dawa. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983, na Nairobi ndiko zilikokuwa zikichapwa sahani za santuri za bendi zetu nyingi. Ikafuata vita ya Kagera, kisha miaka ile ya foleni. Mtu anatafuta sabuni na dawa ya meno, wewe utamwambia habari ya spika? Usafiri wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Watu wa Dar es Salaam walipanda "chai maharage", magari madogo ya mizigo yenye mabenchi yaliyoelekeana kama mkahawani. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria mjini, ndiyo hayo yaliyokuja kuitwa daladala. Mwaka uliofuata, 1984, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mwinyi alipoingia Ikulu 1985, wananchi wakamwita Mzee Ruksa. Ukiniuliza historia ya spika katika pwani hii inaanzia wapi, nitakwambia inaanzia kwenye ruksa ile. Mwaka 1930 ni wa Chicago huko.

Na hapa Bagamoyo inarudi kwenye hadithi, tena kwa njia ya baharini. Ng'ambo yetu ni Unguja, na Unguja ushuru ulikuwa nafuu na mizigo ya Dubai ilishuka kwa wingi. Wenzetu hao walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, wakati sisi wa bara tulisubiri hadi 1994. Watu wa pwani wenye seti walipandisha antena juu ya mlingoti mrefu ili wanase picha za Zanzibar. Basi vitu vya umeme vikawa vinavuka. Vingine vilipita bandarini kwa halali na karatasi zake. Vingine vilishuka usiku kwenye zile tunazoziita bandari bubu, vijiji vya wavuvi vilivyotapakaa kutoka Kunduchi na Mbweni kwenda juu hadi Mlingotini na kwingine. Mafuta ya kupikia, sukari, redio kaseti, yote ndani ya jahazi moja. Sitaji jahazi la nani. Nasema tu kwamba mji ambao zamani ulipeleka pembe Unguja, sasa ulipokea Pioneer na Kenwood kutoka Unguja, na mikoko ni ileile.

Tukiwa kwenye Pioneer, kuna jambo lilinichekesha nilipolisoma. Kampuni hiyo ilianza Tokyo mwaka 1938 kama karakana ya redio na spika, na jina lake la kwanza lilikuwa na neno "Fukuin". Maana yake kwa Kijapani ni Injili, kwa kuwa mwanzilishi wake, Nozomu Matsumoto, alitoka katika nyumba ya Kikristo. Kumbe injili nyingine ilifika Bagamoyo kwa mlango wa nyuma, ikiwa ndani ya boksi la karatasi.

Sasa tuingie ndani ya mlango wa gari. Gari ambalo Watanzania wengi walikuja kulifahamu ni Toyota Hiace iliyotumika Japani, usukani kulia kama wetu. Vipanya vile vilifika vikiwa na miaka kumi na zaidi, na spika zao vilevile. Spika ya kiwandani si mbaya kwa makusudi. Mwenye kiwanda anajua mnunuzi anatazama rangi, viti na ulaji wa mafuta. Hakuna anayefungua mlango kutazama sumaku. Hivyo anaweka karatasi nyepesi na sumaku ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Kule Japani inatosha. Huku pwani kuna unyevu na chumvi. Karatasi inalainika, nyaya zinaota kutu ya kijani, na ule ukingo wa sponji unaoishikilia karatasi unageuka unga, ukigusa tu unabaki kidoleni. Ongeza barabara. Kabla lami haijafika Bagamoyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukishavuka Bunju ulikuwa ni mtikisiko na vumbi, Mapinga, Kerege, Zinga, na spika zinatikisika na skrubu zake.

Spika iliyochanika hulia "krrr" kwenye kila noti ya besi. Mafundi waliziba kwa gundi na kipande cha karatasi, au tyubu ya baiskeli iliyokatwa kwa wembe. Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyeishi na kufundisha sanaa Bagamoyo hadi alipofariki mwishoni mwa 2003, alipiga ilimba ya Kigogo, na ala ile inawekewa utando wa buibui kwenye tundu ili iwe na mkwaruzo huohuo. Kwa Mgogo mkwaruzo ni utamu, kwa dereva ni aibu. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba sauti safi ndiyo nzuri. Nashuku ni tangazo la redio kaseti.

Turudi kwa fundi. Kosa la kwanza la watu, na fundi mzuri wa Kariakoo atakwambia hata kabla hujakaa, ni kuchukua spika za redio ya nyumbani na kuzitia kwenye gari. Redio ya gari imetengenezewa spika za ohmu 4, na za nyumbani nyingi ni ohmu 8, hivyo nguvu inashuka karibu nusu. Wajanja wakaunganisha mbili pamoja ili kurekebisha. Wakaona vizuri, wakaongeza ya tatu na ya nne, ohmu zikashuka mno, na redio ikaungua njiani abiria wakinusa.

Kosa la pili ni kuamini maandishi. Mbele ya redio utakuta "50 x 4", eti wati hamsini kwa kila spika. Hebu tupige hesabu ya form two. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni kama volti 14.4. Redio isiyo na amplifaya kubwa haiwezi kuzidisha hapo. 14.4 mara 14.4, gawa kwa ohmu 4 mara mbili, unapata kama 26. Hizo ndizo wati safi za juu kabisa, tena kwenye karatasi. Barabarani ni chini yake. Ndiyo maana mtu ananunua spika iliyoandikwa wati 300 halafu anashangaa sauti ni ileile. Spika haizalishi nguvu, inapokea. Kinachobadilika ni jinsi inavyoitumia nguvu hiyo ndogo: sumaku nzito zaidi, karatasi ngumu isiyojikunja, mpira badala ya sponji.

La tatu ndilo lenye utamu. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta, na pande hizo mbili zikikutana zinauana, hasa besi. Spika bora ukiining'iniza hewani italia kama nzi. Mlango wa gari umejaa matundu, basi mafundi wakaanza kukata pete ya plaiwudi, kuziba matundu, au kutengeneza boksi la mbao chini ya kiti cha nyuma. Vijijini nimeona spika imetumbukizwa kwenye mtungi wa udongo, mdomo juu. Wanacheka wanaokuja kutoka mjini, lakini kanuni ni ileile.

Baba yangu mdogo aliendesha kipanya cha Mwenge na Bagamoyo kwa miaka mingi. Kwake ndiko nilikojifunza jambo ambalo sijaliona limeandikwa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la tajiri, na dereva alimpelekea hesabu kila siku, kiasi kilichopangwa, abiria wawepo wasiwepo. Mafuta juu yake, faini juu yake, kinachobaki anagawana na konda. Mkataba hakuna. Asubuhi tajiri akiamka vibaya, ufunguo unapewa mtu mwingine. Lakini spika zile za mlangoni na boksi la nyuma vilinunuliwa na nani? Na dereva. Tajiri hakutaka hata kusikia.

"Mzee, abiria wanachagua gari lenye muziki," baba mdogo alimwambia siku moja mbele yangu.

"Muziki unakula betri yangu, bwana. Wewe niletee hesabu."

Na wote wawili walisema kweli. Pale kituoni zikipanga gari tatu, vijana walijaza kwanza ile iliyokuwa inapiga taarabu ya mipasho, Khadija Kopa na wenzake wa TOT upande huu, Muungano upande ule, au baadaye Bongo Fleva. Ukijaza haraka unapata tripu moja zaidi, na tripu moja ndiyo chakula cha watoto. Kwa hiyo spika ilikuwa chombo cha kazi, kama nyavu kwa mvuvi. Dereva akifukuzwa, jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kugombana, ni kuchukua bisibisi. Gari lilirudi kwa tajiri na matundu mawili milangoni, nyaya zikining'inia. Nimeona vipanya vingi vya matundu namna hiyo, na kila tundu ni mtu aliyefukuzwa kazi bila barua.

Redio za FM zilikuja baada ya sheria ya utangazaji ya 1993. Redio za Kijapani kwa miaka mingi zilinasa megahezi 76 hadi 90 tu. Clouds kwenye 88 na ushei iliingia bila taabu. Times kwenye 100.5 hukuipata mpaka ununue kile kidude cha kubadilisha masafa, au ung'oe redio yote. Wengi waling'oa, na waliokuwa na navigesheni inayowasemesha Kijapani toka Mwenge hadi nyumbani walishukuru.

Kuna upande ambao wapenda muziki hatupendi kuusikia. Kipimo kinachotumika sana makazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda unapaswa kukatwa nusu. Abiria anashuka Kerege baada ya dakika arobaini. Konda yuko mle toka alfajiri hadi usiku, kichwa chake kando ya boksi. Mama mwenye ndoo ya samaki akiomba punguza, anaambiwa apande teksi. Jirani zetu wa Kenya walizibana matatu kwa kanuni kali mwaka 2004, sisi tumekuwa na matamko ya mara kwa mara, na sauti inashuka wiki mbili halafu inapanda. Sioni itakuwaje vingine maadamu mwenye spika ni mtu anayekimbizana na hesabu.

Siku hizi mabasi ya Bagamoyo yanapaki Makumbusho, mengi ni makubwa zaidi, na muziki unatoka kwenye simu au flashi. Baba mdogo aliacha usukani. Spika zake, zile za yai za inchi 6 kwa 9 alizozibadilisha magari manne, ziko sebuleni ndani ya kabati la mninga alilochongesha Dunda, zimeunganishwa na betri ya sola. Jioni anasikiliza taarifa ya habari, na watoto wa mtaa wa tatu wanaisikiliza pia, maana lazima aifungulie hadi mwisho ndipo aisikie.