Kutoka Maua ya Pareto Hadi Ngozi ya Paka

Leo tuzungumze juu ya paka wa nyumbani na dawa ya viroboto.

Dawa hii ina historia, na sehemu ya historia hiyo ni yetu. Pareto ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Maua yake yalikaushwa, yakasagwa, na unga wake ukaua wadudu. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo. Lakini nguvu ya pareto huisha upesi juani. Ndipo mwaka wa 1973 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, wakatengeneza permethrini, dawa inayofanana nayo lakini inayodumu.

Mbwa huivumilia. Paka hawezi, kwa sababu ini lake huivunja polepole mno. Tena hujilamba mwili mzima. Akipakwa dawa kali ya mbwa hutetemeka, hutokwa na udenda, hushikwa na degedege, na anaweza kufa.

Kwa hivyo mama, soma maandishi ya pakiti kwanza. Yakisema ni ya mbwa, usimpake paka hata kidogo. Sabuni ya watu yenye manukato pia huwasha ngozi yake. Tumia ya paka, ujaribu mahali padogo, kisha usuuze vizuri.

Je, ameanza kutetemeka? Muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, na umkimbize kwa daktari wa mifugo. Usingoje kesho.